Adu: Picha Moja Ilipokuwa Mali ya Ukoo

Msomaji, ukitajiwa Malindi bila shaka fikra zako hukimbilia ufuoni, kwenye nguzo ya Vasco da Gama na hoteli za Waitaliano. Leo nakuomba uipe bahari mgongo. Panda gari linaloelekea kaskazini, uvuke daraja la mto Sabaki, na kabla hujafika kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni, kata kushoto uingie bara. Utapita mananasi na miembe ya Magarini, kisha utafika Marafa penye lile korongo jekundu ambalo wenyeji huliita Nyari, na ambalo wageni hulipa kiingilio ili walitazame wakati jua linapotua. Wengi huishia hapo, wakanunua soda na kurudi mjini. Sisi tutaendelea mbele kwa barabara ya vumbi hadi Adu.

Adu ni jina la wadi katika eneo bunge la Magarini, Kaunti ya Kilifi, na ni jina la kituo chenyewe pia. Ni nchi ya Wagiriama, nchi kavu ya mahindi yanayotegemea mvua na mbuzi wanaomtegemea Mungu. Mvua ikikosekana misimu miwili mfululizo, akina mama hufuata maji mbali na vijana hugeukia makaa. Karibu na hapo ni msitu wa Dakatcha wenye miti ya mrihi, ambamo mnamo 2013 wataalamu wa ndege waliona kwa mara ya kwanza viota vya kwera mmoja wa rangi ya manjano na nyeusi asiyepatikana popote duniani ila katika misitu ya Kilifi. Wataalamu walishangilia sana. Mimi nashuku wachungaji wa Adu walikuwa wameviona viota hivyo miaka mingi, ila hakuna aliyewauliza.

Lakini sikukuleta huku kutazama ndege. Nimekuleta tutazame ukuta.

Ukikaribishwa ndani ya nyumba ya watu wazima huku, ukishaketi na macho yakishazoea kivuli, inua uso utazame juu, karibu na mahali ukuta unapokutana na paa. Aghalabu utaona fremu ya kioo imetundikwa kwa msumari, imeinamia mbele kana kwamba aliye ndani anataka kusikiliza mazungumzo. Vumbi limeingia pembeni. Mchwa nao, kama ni nyumba ya udongo, wameshaonja ubao wa fremu. Ndani ya kioo yumo mzee wa nyumba, au mzee na mkewe, wamekaa kimya wakitazama mbele.

Sasa tazama vizuri, msomaji, maana hapa ndipo penye hadithi yetu. Koti la mzee halikai shingoni sawasawa. Limepanda upande mmoja kama lililovalishwa na mtu mwingine. Uso wa mume umepata mwanga kutoka kushoto na uso wa mke umepata mwanga kutoka kulia, ingawa wameketi bega kwa bega. Ukisogea karibu utaona mstari mwembamba kuzunguka sikio, na mstari huo haukuchorwa na Mungu. Ni wa mkasi.

Bibi mmoja wa huku (kwa Kigiriama wajukuu humwita hawe) aliniona nikisogeza pua yangu kwenye kioo chake akacheka.

"Mwanangu, watafuta nini humo?"

"Natazama koti la mzee, hawe."

"Hilo koti si lake. Mzee hakuwahi kuvaa koti hata siku moja. Hilo ni la mpiga picha."

Na mkeo je, aliyeketi kando yake, yaani yeye mwenyewe bibi? Hakuwahi kuketi naye mbele ya kamera. Picha yake ilitoka kwenye kitambulisho chake na ya mumewe ikatoka kwenye kitambulisho chake, na mumewe alikuwa ameshazikwa siku mkono wa fundi ulipowaunganisha. Alinieleza hayo bila haya yoyote, kama mtu anayekueleza jinsi paa lilivyoezekwa. Picha ile kwake si ya uongo. Walikuwa mume na mke kweli, na hiyo ndiyo picha yao.

Ili uelewe kwa nini nyumba nyingi zilikuwa na picha za namna hii, hebu turudi nyuma kidogo. Nchi hii ya kaskazini ya Sabaki ndiyo ile serikali ya Waingereza iliyotaka Wagiriama waihame mnamo 1914, na ndiyo moja ya sababu za vita vya mwaka huo, vita ambavyo jina la Mekatilili wa Menza halitenganishwi navyo. Kaburi lake liko Bungale, huku huku Magarini. Serikali hiyo ilitaka kujua idadi ya watu, vibanda na kodi. Sheria ya kipande ilipitishwa mnamo 1915 na ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia: mwanamume Mwafrika alitakiwa atembee na karatasi yake ndani ya kijaluba cha bati, nayo ilikuwa na jina lake, kabila lake, tajiri aliyemwandika na alama za vidole. Sura yake haikuhitajika. Na mwanamke hakuandikwa kabisa. Hilo halikubadilika siku bendera ilipobadilishwa. Ilikuwa hadi mnamo 1978 ndipo sheria ya kuandikisha watu ilipogeuzwa ili wanawake nao wapewe vitambulisho.

Pima jambo hili kwa jambo jingine lililotokea jirani. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco la Waitaliano lililoko baharini nje ya Ngomeni, pwani ya Magarini hii hii, ilirushwa setilaiti iliyopewa jina la Kiswahili, Uhuru, ya kuchunguza miale ya eksirei inayotoka kwenye nyota. Ilikuwa ya kwanza duniani kufanya kazi hiyo peke yake. Basi kutoka Magarini binadamu alikuwa anazichora nyota zisizoonekana kwa macho, na mama wa Magarini alikuwa hajatakiwa na mtu yeyote atoe hata picha ya ukubwa wa kiganja cha mtoto.

Kwa hiyo vitambulisho vilipokuja, kwa akina mama wengi wa mashambani ile picha ndogo ndiyo iliyokuwa ya kwanza maishani, na kwa baadhi yao ndiyo iliyokuwa ya mwisho. Mtu alifariki, jamaa wakatafuta kumbukumbu, wakakuta ile tu. Ndipo mmoja wao alipoifunga kwenye leso na kupanda gari kwenda Malindi, Kilifi au hata Mombasa, akaingia studio akasema: tukuzie hii. Na fundi akamwuliza lile swali ambalo leo halisikiki tena: nimvalishe nini?

Kazi yenyewe, msomaji, ilitaka mkono usiotetemeka. Kwanza fundi aliipiga picha ile ndogo ili apate negativi mpya, akaikuza kwenye chumba cha giza. Sura iliyokuzwa hivyo hutoka na chembechembe na madoa, mhuri wa serikali nao huonekana umekata shavu. Hapo ndipo alipochukua penseli iliyochongwa ikawa kama sindano, akaziba mikwaruzo palepale juu ya negativi, nukta baada ya nukta. Baada ya hapo ulikuja wembe: akaikata sura kuzunguka nywele na masikio, akaibandika kwa gundi juu ya picha ya kiwiliwili kingine kilichovaa suti au kanzu na kofia, akapaka rangi kwenye maungio ili ukingo upotee. Hatimaye akaupiga picha mchanganyiko wote huo, na kilichotoka kilikuwa karatasi moja nzima isiyo na mshono, kwa mtu asiyetazama sana. Kama mteja alikuwa na pesa za ziada, mashavu na leso zilitiwa rangi kwa brashi.

Huo ndio ufundi tunaouzika. Lakini ulikuwa na ndugu zake pwani hii, tena maarufu. Kule Lamu alikuwako Omar Said Bakor, aliyezaliwa mnamo 1932 na kufariki mnamo 1993, ambaye hakufunzwa upigaji picha na mtu. Bakor hakuridhika na kumwambia mteja asimame wima. Alikata sura akaziweka mahali pasipowezekana, alipiga picha mara mbili juu ya filamu moja, alichezea negativi mpaka picha ikawa kama ndoto. Haya aliyafanya katika mji wa Waislamu, ambapo swali la kama inafaa kuichora sura ya kiumbe halijawahi kuwa dogo, na labda ndiyo sababu picha zake zinaonekana kama za mtu anayeufungua mlango huku akiurudisha. Mtafiti wa Ujerumani, Heike Behrend, aliziandikia, na leo zinatajwa katika vitabu vya historia ya upigaji picha wa Afrika.

Mombasa, kwa upande mwingine, palikuwa na N. V. Parekh, aliyeanza studio yake miaka ya 1940 na kuwapamba Waswahili, Wahindi na Waarabu kwa taa na mikao hadi kila bibi harusi akaonekana kama mwigizaji wa sinema. Karibu na feri ya Likoni, miaka ya 1990, walikuwako vijana, wengi wao kutoka bara, waliojenga studio za vibanda na kuzipamba kwa mapazia, maua ya plastiki, na mandhari yaliyochorwa ya meli, ndege na majumba marefu. Mtu aliyeshuka feri akiwa na fulana yenye jasho aliweza kupanda ndege ya rangi na kurudi kwao na ushahidi. Ghasia za Likoni za Agosti 1997, zilizowalenga watu wa bara, ziliwatia hasara kubwa wapiga picha wale.

Naona hapa utaniuliza: na zile picha za papo hapo, zinazotoka ndani ya kamera na kujionyesha zenyewe mkononi mwako? Swali lako ni zuri, kwa sababu kwa muda fulani zilikuwa ajabu kuliko zote, na zenyewe pia zina ufundi wa mkono uliokufa.

Mmarekani Edwin Land alizionyesha hadharani kwa mara ya kwanza Februari 1947, na kamera yake ya Polaroid ikaanza kuuzwa Boston Novemba 1948. Mnamo 1972 ikaja kamera ya SX-70. Unabonyeza, karatasi inatoka, na rangi zinapanda polepole mbele ya macho yako kama chai inavyokolea majani. Ndani ya karatasi ile kulikuwa na tabaka nyingi nyembamba zilizofunikwa na plastiki angavu, na moja ya siri zake ilikuwa kwamba tabaka lenye picha, lililotengenezwa kwa gelatini, halikukauka mara moja. Kwa saa nyingi, pengine hata siku kadhaa, lilibaki laini kama mafuta ya nazi asubuhi ya baridi.

Watu wakagundua kwamba ukilikandamiza plastiki kwa ncha butu, mpini wa kijiko au kijiti kilicholainishwa, rangi za chini yake zinasogea. Nyumba iliyonyooka inapinda, mti unachuruzika, uso unazungukwa na mawimbi. Msanii Lucas Samaras, mzaliwa wa Ugiriki aliyeishi New York, alijifungia katika nyumba yake kati ya 1973 na 1976 akajipiga mwenyewe na kujivuruga namna hiyo, hadi mtu mmoja akawa majini na malaika mia. Wengine walipasha picha moto kidogo ili ilainike zaidi. Mkono ulipokosea, basi. Picha ya papo hapo haina negativi. Ukiiharibu umeiharibu, hakuna nyingine duniani. Nadhani hilo ndilo lililoipa sanaa ile utamu wake, na ndilo linaloitenganisha na mchezo wa simu ambapo kila kosa lina kitufe cha kulifuta.

Huku kwetu kamera za namna hiyo zilikuwa zaidi kifaa cha kazi. Zilitumika kwa picha za pasipoti na za vitambulisho, zile zitokazo nne kwa mpigo. Wala hazikuwa chombo kisicho na dhambi. Nchini Afrika Kusini zilitumika kutengeneza vile vitabu vya pasi vilivyomfunga Mwafrika, na mnamo 1970 wafanyakazi weusi wa Polaroid huko Marekani, Caroline Hunter na Ken Williams, walianzisha upinzani ndani ya kampuni yao wenyewe. Kampuni ilijitoa Afrika Kusini mnamo 1977.

Mfano unaonifurahisha zaidi unatoka Gulu, kaskazini mwa Uganda. Studio moja ya huko, Gulu Real Art Studio, ilikuwa na tatizo la hesabu: mashine ilitoa picha nne kwa pamoja, na mteja alihitaji moja tu, hakutaka kulipia nne. Kwa hivyo fundi alimpiga mteja picha ya kawaida, kiwiliwili kizima, kisha akaukata uso tu ukiwa mraba, akampa. Yaliyobaki yalitupwa: watu waliokaa kwa heshima, mikono juu ya magoti, koti la studio mabegani, na mahali pa uso pana dirisha tupu. Mpiga picha Mwitaliano Martina Bacigalupo aliyaokota masalio hayo, yakatolewa kitabu mnamo 2013. Sasa linganisha na Adu. Gulu walitoa uso wakaacha mwili. Adu walikuwa na uso tu, wakautafutia mwili.

Na kwa Mgiriama kumtafutia marehemu mwili si jambo geni hata kidogo. Tangu zamani, mzee wa chama cha Gohu akifariki, na baada ya muda akiwajia jamaa zake katika ndoto au kwa msiba fulani akidai haki yake, walimchongea kigango. Ni nguzo ya mti mgumu, ndefu na bapa, yenye kichwa cha duara na mikato ya pembetatu iliyojazwa rangi. Hakifanani naye. Hakuna pua yake wala kovu lake. Ila ni yeye. Huvishwa vitambaa, huletewa tembo, huambiwa habari za nyumbani. Mwenye kujua hayo hatashangaa kuona picha ya mzee aliyevalishwa koti asilolijua. Wazungu walipoleta kamera walileta na imani kwamba picha njema ni ile inayofanana. Wagiriama walikuwa na kipimo kingine cha zamani zaidi: picha njema ni ile inayomkalisha marehemu mahali pake.

Hata hivyo, msomaji, nisikudanganye kwamba kufanana hakuna kazi. Habari ya vigango yenyewe yatufunza. Mnamo 1985 mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha mzee Kalume Mwakiru, huko kwao upande wa Kaloleni, akiwa amesimama kando ya vigango viwili alivyowasimikia ndugu zake marehemu. Aliporudi kumletea mzee picha yake, aliambiwa vigango vimeshaibwa. Miaka ikapita, mzee mwenyewe akafariki bila kuviona tena. Mnamo 1999, katika mkutano wa wasomi huko Marekani, Udvardy alikuwa ameketi ukumbini wakati slaidi moja ilipoonyeshwa ukutani, akatambua moja ya nguzo zile. Ilikuwa Illinois. Ya pili ilipatikana katika jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Ushahidi ulikuwa nini? Ile picha ya 1985. Mikato ya pembetatu ililinganishwa, ufa ukalinganishwa na ufa. Vigango vile vilirudishwa Kenya, mnamo 2006 na 2007.

Fikiria kama fundi stadi angekuwa ameshaipata picha ile kwanza. Angemtoa mzee, akamkuza, akamvalisha suti, na kuzifuta nguzo za nyuma akaweka pazia. Familia ingefurahi. Na vigango vingekuwa Marekani hadi leo.

Ndiyo maana nasema picha ya ukutani na ile ndogo iliyoizaa ni vitu viwili vyenye kazi mbili. Ya ukutani inamtunza mtu kama nyumba yake ilivyotaka awe. Ile ndogo inatunza yaliyokuwako: shati lililochanika kola, ukuta wa ofisi ya chifu, kovu, umri. Kosa ninaloliona Adu na kwingineko ni kwamba fremu ikishatundikwa, kile kipicha hutupwa kama ganda la embe. Vitambulisho vya marehemu navyo hurudishwa serikalini, kama sheria inavyotaka, na hapo sura halisi huondoka nyumbani. Inabaki ile iliyovalishwa koti la mpiga picha, na mjukuu wa mjukuu ataamini babu yake alikuwa karani.

Mafundi wenyewe wametoweka bila kelele. Chumba cha giza kilifungwa kwa sababu karatasi na dawa zilikuwa ghali na wateja wakaisha. Kampuni ya Polaroid ilitangaza mnamo 2008 kwamba inaacha kutengeneza filamu za papo hapo; kundi la wapenzi likanunua mitambo ya kiwanda cha Enschede, Uholanzi, na mnamo 2010 likaanza kuuza filamu mpya. Filamu hiyo ingalipo, tena kwa bei ya kuumiza, lakini haisukumiki chini ya kijiko kama ile ya SX-70 iliyotoweka madukani mwanzoni mwa karne hii. Leo kijana wa saiba mjini Malindi hupokea kitambulisho kilichopigwa picha kwa simu, na kabla hujamaliza chai yako mzee ameshavaa suti ya buluu, tai nyekundu, na nyuma yake pana maporomoko ya maji ambayo hayako Kenya. Shingo imekaa sawa. Mwanga umelinganishwa. Ni kazi safi, na simlaumu kijana, maana mteja anazika Jumamosi na bango la mazishi linatakiwa Ijumaa.

Ila lile swali la "nimvalishe nini?" siku hizi haliulizwi. Suti ile ile ya buluu huvalishwa kila marehemu, kutoka Kwale hadi Lamu. Fundi wa zamani alikuwa na makoti mawili au matatu tu, lakini alikaa na wafiwa akauliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani: wa msikitini, wa kanisani, wa kaya? Alikuwa mnene au mwembamba? Mkono uliochelewa ulipata muda wa kusikiliza.

Basi, ukirudi kwenu, kama unayo fremu ya namna hii, ishushe leo. Usiikwangue wala kuitoa kwenye kioo kwa nguvu ikiwa imeshikana nacho. Unyevu wa pwani hugandisha karatasi kwenye kioo na ukivuta uso utabaki upande wa pili. Ipige kwa simu kwenye kivuli karibu na dirisha, bila mwanga wa kamera. Kama ni picha ya papo hapo yenye ukingo mweupe, usikate ukingo ule ili iingie kwenye albamu, kwani ndio unaoshikilia tabaka zake, wala usiipeleke kuwekewa plastiki kwa moto. Itie kwenye bahasha ya karatasi, si mfuko wa nailoni unaotoa jasho, na uiweke mbali na jua na paa la mabati. Kabla ya kurudisha kitambulisho cha marehemu, kipige picha pande zote mbili.

Kisha chukua penseli laini, si kalamu ya wino, na kama mzee au bibi angali hai mketishe kivulini umwulize. Andika nyuma ya bahasha jina la kila aliyemo, kijiji chake, mwaka kama unajulikana. Andika ni nani aliyeketi kweli na ni nani aliyeunganishwa baadaye. Na koti, andika lilikuwa la nani.